Pesa ya video mtandaoni inatoka wapi hasa? Uzi kwa wadau wa Moshi na Arusha

FundiVideo_Majengo (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Kazi yangu ni kuhariri video hapa Majengo, Moshi. Wateja wangu ni waongoza watalii, kwaya, akina mama wa mapishi, wakulima wa parachichi na vijana wa vichekesho. Karibu kila anayeingia ofisini huanza na swali lilelile: "YouTube wanalipa shilingi ngapi video ikitazamwa mara elfu moja?" Nimeanzisha uzi huu kwa sababu swali hilo linawapoteza watu wengi wenye vipaji. Kutazamwa mara elfu hakuna bei. Mwenye bei ni mtu anayetazama: yuko wapi, anatafuta nini, na ni nani anayemtaka awe mteja wake.

Tuanze na matangazo ya YouTube kwa kuwa ndiyo yanayozungumzwa zaidi vijiweni. YouTube ilianza 2005, Google wakainunua 2006, na tangu 2007 wapo kwenye utaratibu wa kugawana mapato na wenye chaneli. Kampuni yenye tangazo haikufuati wewe. Inaingia kwenye mnada wa Google na kutaja kiasi inachoweza kutoa ili tangazo lake lionwe na watu wa aina fulani. Google hapo ni dalali: anauza nafasi, anabaki na 45%, wewe mwenye video ndefu unapata 55%.

Sasa fikirieni mnada huo. Mtu wa Munich anayepanga kuja kupanda Kilimanjaro anagombewa na mashirika ya ndege, kampuni za bima ya safari, wauza mabuti na makoti ya baridi. Mtu wa Himo anayeangalia kichekesho kwa bando la jero anagombewa na wachache sana, kwa hiyo nafasi ya tangazo mbele yake inauzwa kwa bei ya chini. Video mbili zenye urefu uleule na ubora uleule zinaweza kuingiza pesa tofauti kama mbingu na ardhi, na wala hakuna aliyeonewa.

Chukueni mfano wa kubuni ili hesabu ionekane. Chaneli A inabaki na dola 0.40 kila video inapotazamwa mara 1,000. Chaneli B inabaki na dola 4. Ili kufikisha dola 100, chaneli A inahitaji kutazamwa mara 250,000. Chaneli B inafika hapo kwa mara 25,000 tu. Yule wa A ndiye anayesimamishwa barabarani na kupigwa picha, na watu wa mtaa wanaamini ni tajiri. Huyu wa B hajulikani hata na jirani yake.

Masharti ya kuingia kwenye matangazo: wafuatiliaji 1,000, pamoja na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, au Shorts, yaani video fupi za YouTube, zitazamwe mara milioni 10 ndani ya siku 90. Tangu 2023 kuna ngazi ya chini ya wafuatiliaji 500, video 3 za wazi ndani ya siku 90, na saa 3,000 au Shorts kutazamwa mara milioni 3. Ngazi hiyo ya chini haikupi matangazo. Inakufungulia michango ya mashabiki, yaani uanachama wa kila mwezi na Super Chat wakati wa laivu, ambako unabaki na 70%. Saa zinazotokana na Shorts ndani ya mtiririko wa Shorts hazihesabiwi kwenye zile 4,000. Na video ukiifuta, saa zake zinaondoka nayo. Hapa vijana wengi wanaumia: anafuta video za zamani kwa kuona aibu, kesho yake hesabu imerudi nyuma.

Jambo jingine la kujua ni kwamba video ikifika dakika 8 unaruhusiwa kuweka tangazo katikati. Ndiyo maana mnaona watu wanavuta maneno. Mimi huwaambia wateja wasivute. Mtazamaji akichoka dakika ya tatu, tangazo la dakika ya sita halimfikii.

Pia msishangae Desemba ikawa nono na Januari ikakauka. Kampuni zinamaliza bajeti zake za mwaka kwenye msimu wa sikukuu, mnada unapanda, kisha mwaka mpya unaanza zikiwa zimefunga pochi.

Haya, sasa niseme lililonifanya nikae niandike. Kwa sisi wa huku, pesa ya matangazo ya YouTube ni nyongeza. Pesa kubwa iko kwa kile ambacho video inakuletea mlangoni.

Nina mteja ambaye ni mwongoza watalii. Video yake iliyomfaa kuliko zote haina ndege ya kurekodia wala muziki wa kusisimua. Ameirekodi kwa simu pale geti la Machame asubuhi, kwenye mzani wa mizigo ya wapagazi. Begi linaning'inizwa, mshale unapita kilo 20 ambazo ndizo kikomo cha mzigo wa mpagazi, msimamizi anatikisa kichwa, begi linashushwa, linafunguliwa palepale chini. Mteja wangu anainama na kutoa kitu kimoja kimoja huku akieleza kwa Kiingereza: jinzi hizi za nini, hazikauki zikilowa, chupa hii ya shampuu ya lita nzima iache hotelini, soksi hizi za sufu rudisha, usiku wa kileleni utazitafuta. Begi linapimwa tena, linapita. Basi.

Chini ya video hiyo kuna watu wa Ujerumani, Uholanzi, Marekani na Australia wanauliza: begi la kulalia nakodi wapi, wapagazi wanapewa bakshishi kiasi gani, Machame na Marangu ipi inafaa mtu wa miaka 60. Hao wameshaamua kuja, wanatafuta mtu wa kumwamini. Anawajibu mmoja mmoja kwa uungwana. Dola za matangazo anapata, na si haba, lakini mtu mmoja akifunga safari ya siku saba kupitia kwake, kamisheni yake inazidi matangazo ya miezi mingi.

Angalizo kwa waongoza watalii: huwezi kuuza safari kiholela kwa kuwa una wafuatiliaji. Biashara hiyo inahitaji leseni ya wakala wa utalii, TALA. Kama huna, kubaliana na kampuni yenye leseni, na kamisheni iandikwe kwenye karatasi kabla ya mgeni kutua KIA.

Karibuni tuongee. Mwenye uzoefu wa laivu, wa matangazo ya maduka, wa muziki, atupie.

Chalii_Ngaramtoni

Mkuu umeandika ukweli mtupu. Mimi nafanya vichekesho TikTok, natumia lafudhi yetu ya Chuga, yaani Arusha, na video zinasambaa mpaka Mwanza. Wafuasi ninao wengi kuliko hata redio za hapa mjini. Ila pesa kutoka TikTok yenyewe sijaiona zaidi ya zawadi za laivu. Wenzangu wananiambia kuna programu ya TikTok ya kulipa wenye video ndefu. Mbona kwangu haitokei?

FundiVideo_Majengo

Haitokei kwa sababu ya nchi, mkuu. Ile programu ya zawadi kwa wabunifu inataka wafuasi 10,000, video kutazamwa mara 100,000 ndani ya siku 30, na video iwe zaidi ya dakika moja. Lakini juu ya hayo yote, akaunti iwe ya nchi walizozichagua, mfano Marekani, Uingereza, Ujerumani, Ufaransa, Japani. Tanzania haimo. Kuna watu wanauza akaunti "za Marekani" huko WhatsApp. Usinunue. Siku ya kuthibitisha jina na malipo utakwama, na kazi zako zote ziko humo ndani.

Zawadi za laivu ni pesa halali, ila jua kwamba TikTok wanakata sehemu kubwa kabla hujaiona. Pia inakutaka ukae hewani kila siku. Wengi wanaowezana nayo ni wale wanaopenda kupiga soga na watu kwa dhati.

Kwa mtu kama wewe mtaji ni huo mtaa wako. Watu wanaokupenda wako Arusha, Moshi, Babati, Mwanza. Google hawezi kuwauza kwa bei nzuri, lakini mwenye duka la simu pale karibu na Mnara wa Saa anawataka haohao. Mwenye mabasi anawataka. Mwenye ukumbi wa harusi anawataka. Ukienda kwake, mnada wa Google humkuti, mnakaa wawili mnapanga bei.

Mtazameni Kili Paul, kijana wa Kimasai wa Mkoa wa Pwani aliyejulikana kwa kuigiza nyimbo za Kihindi. Mashabiki wake wengi wako India. Februari 2022 Ubalozi wa India hapa nchini ulimpa heshima, Waziri Mkuu Modi akamtaja kwenye hotuba yake ya redio, na Oktoba mwaka huohuo akaonekana kwenye kipindi cha Bigg Boss kulekule India. Wanaomtazama wako India, na kazi nazo zikamjia kutoka India. Nawe chalii, fuata upande walipo wako.

Mapishi_ya_Sakina

Niongezee kwa fundi, kwa sababu hapo kwenye maduka ndipo ninapoishi mimi.

Napika vyakula vya huku kwetu: mtori, kiburu, loshoro, ndizi za nyama, makande. Facebook na YouTube. Matangazo ya YouTube yananilipia umeme na bando, nashukuru. Ada za watoto zinatoka kwa wauza sufuria, wauza viungo, na wenye mashine za kusaga.

Kitu cha kwanza nilichojifunza ni kutotaja bei kwa idadi ya wafuasi. Mwenye duka akisikia wafuasi laki moja anauliza "kwa hiyo wote watanunua?" na mazungumzo yanakufa. Nataja kazi. Siku ya kununua vitu Soko la Kilombero, siku ya kupika na kurekodi, siku ya mhariri, na haki ya yeye kuitumia hiyo video kwenye kurasa zake. Haki hiyo naiuza peke yake na ina muda wake. Akitaka kuiweka kwenye tangazo la kulipia mwaka mzima, analipa ya mwaka.

Cha pili ni nusu kabla sijawasha jiko. Mkono mtupu haulambwi. Hoteli moja iliniita nirekodi sherehe yao nzima, malipo yakawa chakula cha mchana na maneno mazuri. Nilikula, nikashukuru, na tangu hapo hakuna kamera inayotoka kwenye begi bila malipo ya awali kusoma kwenye simu.

Cha tatu, namwambia mtazamaji wazi kwamba hili ni tangazo, nimelipwa. YouTube wenyewe wanataka uweke alama hiyo unapopakia. Na mimi naitaka hata wasingenilazimisha, kwa sababu mama aliyenunua sufuria kwa neno langu ikatoboka ndani ya mwezi hatanisikiliza tena, hata nikimwambia ukweli.

Kuhusu kodi: kampuni ya hapa nchini ikikulipa kama mtengeneza maudhui mtandaoni inatakiwa kukata 5% ya kodi ya zuio, ilianza na Sheria ya Fedha ya 2024. Wakikata, dai cheti cha zuio. Hiyo ni pesa yako iliyotangulia TRA, utaihitaji ukifanya hesabu za mwaka. Dada zangu wengi wanakatwa na hawana karatasi.

FundiVideo_Majengo

Dada umemaliza. Nimeliandika hilo la kuuza haki ya matumizi peke yake, wahariri wengi hatuliwazi.

Katibu_Kwaya_Uru

Shikamooni wakubwa, wadogo marahaba. Naandika kwa niaba ya wenzangu.

Kwaya yetu ilirekodi albamu studio moja, video ikapigwa kijijini kwetu, mandhari nzuri, mlima unaonekana. Studio ikasema "tutawawekea YouTube." Wimbo mmoja umependwa sana, hata ndugu zetu wa Nairobi na wa ughaibuni wanautumia kwenye misiba na harusi. Tulipouliza mapato tukaambiwa kidogokidogo yanakatwa kufidia gharama. Tukafungua chaneli yetu wenyewe, tukaweka wimbo uleule, ikaja taarifa ya hakimiliki kwamba mapato yanaenda kwa mwingine. Wimbo wetu, sauti zetu, sare tumeshona kwa michango. Tufanyeje? Naomba lugha nyepesi.

FundiVideo_Majengo

Marahaba Katibu. Jambo lenu nalikuta kila mara na linaniuma, kwa hiyo vumilia nikiandika kirefu.

Kuna vitu vitatu ambavyo watu wanavichanganya: wimbo ni wa nani, chaneli ni ya nani, na akaunti ya kupokelea pesa ni ya nani. Kila kimoja kinaweza kuwa mikononi mwa mtu tofauti.

Wimbo kwanza. Maneno na melodi ni mali ya mtunzi. Kama mwalimu wenu wa kwaya ndiye aliyetunga, ni vyake mpaka awe ameandika vinginevyo. Ule mkanda uliorekodiwa una haki yake peke yake, na hapo mkataba na studio ndio unaoamua. Tafuteni karatasi mliyosaini. Kama hamkusaini kitu, tafuteni risiti za malipo ya kurekodi, ujumbe wa simu, chochote kinachoonyesha kwamba mlilipa kama wateja. Kisha mwalimu asajili kazi zake COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Mwenye cheti mkononi anasikilizwa tofauti.

Hiyo taarifa mliyopata inatokana na mfumo wa YouTube uitwao Content ID, upo tangu 2007. Mtu, mara nyingi msambazaji wa muziki, anaingiza mkanda wa wimbo kwenye mfumo. Kila video yenye sauti hiyo inatambuliwa na kompyuta, na mwenye madai anachagua: azuie video, aiache, au apokee mapato yake. Studio yenu au msambazaji wake ameuingiza wimbo kwa jina lake. Taarifa hiyo si adhabu. Adhabu ni yale maonyo ya hakimiliki, ambayo yakifika matatu ndani ya siku 90 chaneli inafungwa. Nyie mna madai tu, na mnaweza kuyapinga mkiwa na ushahidi. Msipinge kwa hasira bila karatasi. Kwanza kaeni na studio.

Kwenye kikao ombeni mambo haya. Ombeni waonyeshe ukurasa wa mapato ya wimbo huo ndani ya YouTube Studio, yaani sehemu ya YouTube ya kusimamia chaneli, si picha ya skrini, bali wafungue mbele yenu. Ukurasa huo unaonyesha mapato kwa video na kwa mwezi, na nchi za watazamaji. Kama ndugu wa ughaibuni wanautazama sana, wimbo huo una thamani kuliko idadi yake inavyoonyesha. Ombeni gharama zinazofidiwa ziandikwe jumla yake na zina mwisho. Deni lisilo na kiasi haliishi. Na kuanzia albamu ijayo, mkanda uwe mali ya kwaya, studio ilipwe kazi yake ya ufundi kwa heshima, kwa sababu nayo ina mafundi na kodi ya pango.

Sasa chaneli yenu mpya. Isiwe kwenye barua pepe ya kijana mmoja mwenye simu nzuri. Akihama, akioa, akigombana na mwenyekiti, imeondoka. Fungueni kama akaunti ya chapa, ambayo inaruhusu wamiliki zaidi ya mmoja. Wekeni katibu, mweka hazina, na mwenyekiti. Kijana wa kupakia video apewe nafasi ya msimamizi. Na AdSense, yaani akaunti ya kupokelea pesa, ifunguliwe kwa jina la kikundi na iende benki kwenye akaunti ya kikundi yenye sahihi zaidi ya moja. Jina la AdSense na jina la benki vifanane, la sivyo pesa inarudi.

Mwl_Boma

Fundi, nami nina la PIN, ile namba ya AdSense ya kuthibitisha anwani. Nimefikisha dola 10, wamesema wanatuma barua. Nimeweka sanduku la posta la shule. Wiki zinapita.

FundiVideo_Majengo

Mwalimu, barua hiyo ni bahasha ndogo ya kawaida, rahisi kupita bila kuonekana kati ya barua za shule. Mwambie anayefungua sanduku ili ajue anatafuta nini. Anwani iandike fupi: jina lako kamili kama kwenye kitambulisho, S.L.P., mji. Isipofika unaomba nyingine, na zikishindikana zote unaruhusiwa kuthibitisha kwa kitambulisho. Miezi minne ikipita bila PIN matangazo yanasimama, kwa hiyo usikae kimya.

Pesa inatoka ukifikisha dola 100, kati ya tarehe 21 na 26 ya mwezi unaofuata. Inakuja kama uhamisho wa dola wa kimataifa, na benki za njiani zinamega. Kama mapato ni madogo, panga kwenye AdSense walipe zikifika dola 300 au 500, makato yapungue.

Na jaza fomu ya kodi ya Marekani, W-8BEN. Tangu 2021 Google wanakata kodi kwa pesa inayotokana na watazamaji wa Marekani. Tanzania haina mkataba wa kodi na Marekani, hivyo makato ni 30% ya sehemu hiyo tu. Ukiwa na dola 100 na 60 kati yake zimetoka Marekani, wanakata 18. Usipojaza, wanaweza kukata 24% ya mapato yako yote, ya kila nchi.

Usa_River_Kids

Mimi nina nyimbo za watoto za Kiswahili. Watoto wanatazama kutwa. Mapato hafifu. Kwa nini?

FundiVideo_Majengo

Tangu Januari 2020 video za watoto hazionyeshi matangazo yanayomlenga mtu kwa taarifa zake, na komenti zimezimwa. Ilitokana na kesi Marekani, Google walilipa dola milioni 170 mwaka 2019. Mnada ukikosa taarifa za mtazamaji, bei inashuka. Kwako wewe uza kwa shule: flashi za nyimbo, vitabu vya kuchora vya wahusika wako, maonyesho siku za mahafali ya chekechea. Wazazi wa Usa River na Tengeru watanunua kitu ambacho mtoto anakitambua.

Dogo_Sanawari

Kuna kundi la WhatsApp tunasabskraibiana, nimeshafika 1,000 ndani ya muda mfupi. Bado saa tu. Kuna jamaa anauza saa 4,000, naogopa kutapeliwa. Yupo anayemjua wa uhakika?

FundiVideo_Majengo

Mdogo wangu, hata akiwa wa uhakika usinunue. Maombi yako yanapitiwa na chaneli nzima inaangaliwa. Watu 1,000 waliojiunga ili nawe ujiunge kwao hawatazami. Ukipakia video mpya, mfumo ukiipeleka kwao hawafungui, na mfumo unaweza kuona video haipendwi. Umelipa ili usionekane. Na ukigundulika na watazamaji bandia, AdSense inaweza kufungwa, na ikifungwa kufungua nyingine ni kazi kubwa.

Pia Julai 2025 YouTube waliweka mkazo zaidi kwenye maudhui yasiyo halisi, yale yanayozalishwa kwa wingi kwa kufanana. Wale wa kuchukua vipande vya mechi na filamu na kusoma juu yake kwa sauti ya kompyuta, hapo ndipo wanapokwamia.

Mguu_wa_Meru

Mimi ni mwongozaji wa Arusha. Nilitaka tu kuwaambia wenzangu wanaotaka kufuata mfano wa video ya geti: simu yako wakati wa safari ni kitu kimoja, kurekodi kibiashara hifadhini na kurusha droni ni kingine kabisa. Droni inataka kibali cha TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, na ruhusa ya TANAPA. Filamu ya biashara inapitia pia Bodi ya Filamu. Usimtie mgeni wako matatani kwa ajili ya picha ya juu. Horombo, kambi ya Kilimanjaro kwenye mita 3,720, kuna intaneti ya kasi tangu Agosti 2022, laivu fupi ya chai ya jioni mawingu yakiwa chini yenu inaleta wageni kuliko droni.

Na mpagazi unayemrekodi, muombe. Akikubali, mpe chake.

Mdau_Kijenge

Leseni ya maudhui mtandaoni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, vipi? Tunasikia milioni mbili.

FundiVideo_Majengo

Hiyo ni ya 2018, kanuni za maudhui mtandaoni zilipotoka, ada zote zikijumlishwa zilizidi milioni 2. Kanuni zilibadilishwa 2020 na kurekebishwa 2022. Anayetoa habari na matukio ndiye wa kwanza kuhitaji leseni. TCRA wana ofisi ya Kanda ya Kaskazini hapo hapo Arusha, andika chaneli yako inahusu nini, upeleke, udai jibu la maandishi.

Katibu_Kwaya_Uru

Wakuu, nimerudi na mrejesho.

Tulikaa na studio. Mazungumzo yalikuwa ya amani, mchungaji alikuwepo. Wamefungua ukurasa wa mapato mbele yetu. Watazamaji wengi wa wimbo ule wako Kenya na Tanzania, lakini sehemu kubwa ya pesa imetoka Marekani na Uingereza, kama ulivyosema. Gharama iliyobaki imeandikwa, imesainiwa, na ina kikomo. Wamekubali msambazaji wao aondoe madai kwenye chaneli yetu. Chaneli ile ya zamani waliyotuwekea wimbo, yenye wafuatiliaji wengi, pia wamekubali ihamie kwetu, kwa kuwa ina jina la kwaya. Wametuongeza kama wamiliki leo, ila sehemu ya kutufanya wamiliki wakuu inakataa. Je, wanatuzungusha?

FundiVideo_Majengo

Hapana Katibu, hapo hawana kosa. Mmiliki mpya wa akaunti ya chapa anasubiri siku 7 kabla ya kupewa umiliki mkuu. Wiki ijayo siku kama ya leo wafungue tena mbele yenu, wakubadilishie, ndipo mwondoe barua pepe zao na kubadilisha nywila zote. Msiunganishe AdSense yenu kabla ya hapo. Ukishabadilisha akaunti ya malipo ya chaneli, kubadilisha tena mpaka zipite siku 32, kwa hiyo hakikisheni jina la kikundi benki limeshakaa sawa kwanza. Ukikwama njoo Majengo na mweka hazina, mje na cheti cha usajili wa kikundi.